Jua la Kuzungusha kwa Mkono

Kwa karibu miaka sita nilikuwa nachomozesha jua kwa mkono wangu wa kulia. Wakati mwingine mara mbili kwa wiki: Kilosa mjini, Kimamba, Rudewa, na mara chache, tukiazimwa trekta lenye afya, mpaka Mikumi. Watu wakiniuliza nilifanya nini enzi za Ujamaa, huwa najibu nilikuwa fundi umeme wa shamba la mkonge, na huo si uongo. Habari za jua sizigusi, maana nikizianza itabidi nifike mwisho wake, na mwisho wake sijawahi kuupenda.

Shamba lilikuwa Kimamba. Nilipoajiriwa lilikuwa la wageni, baadaye likawa letu sote, na mimi nikabaki na bisibisi ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa baada ya kazi kulikuwa na utamaduni. Kila mahali pa kazi pawe na kikundi, tuliambiwa: ngoma, ngonjera, kwaya, maigizo. Kikundi chetu kikapata sifa upesi, wala si kwa sababu ya sauti. Tulikuwa na jenereta, na jenereta ilimaanisha taa, na chini ya taa hata mpimaji wa mkonge aliyejipaka unga nyweleni alionekana mzee wa miaka themanini. Hivyo ndivyo nilivyoingizwa. Hakuna aliyeniuliza kama napenda maigizo. Sikuyapenda, na siyapendi mpaka leo.

Mwanzo nilikuwa na swichi nne zilizopigiliwa kwenye ubao wa kreti, na globu nne ndani ya makopo ya maziwa niliyoyakata upande mmoja. Nawasha, nazima, basi. Akaja afisa utamaduni kutukagua. Alikuwa bwana mrefu, mpole, shati lake limepigwa pasi hata siku ambazo sisi wengine tulifanana na barabara. Akaangalia igizo mpaka mwisho, kisha akanifuata nyuma ya pazia.

"Ndugu fundi," akasema, "jua haliwaki kama tochi. Jua linapanda."

Nikamwambia umeme unajua mambo mawili tu, kuwaka na kuzima.

"Basi ufundishe la tatu," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Niliufundisha kwa chumvi. Nilikuwa nimeiona mbinu hiyo zamani kwa fundi mmoja wa reli. Unachukua mtungi wa udongo, unaujaza maji ya chumvi, unalaza kipande cha chuma chini na kingine unakining'iniza juu kwa kamba. Umeme wa taa unapita ndani ya maji hayo kutoka chuma hiki kwenda kile. Ukishusha chuma cha juu, taa inapata nguvu pole pole. Ukikivuta, inafifia mpaka inakufa bila kushtuka. Mtungi wenyewe haukupigi, maji ndiyo yanayokupiga, na yalinipiga mara nyingi kiasi kwamba kidole changu kimoja mpaka leo hakijui baridi wala moto. Maji yakichemka unaongeza mengine. Chumvi ikipotea dukani, na ilikuwa inapotea, unagonga milango kambini. Wanawake walinicheka kweli kweli. "Shemeji," waliniambia, "taa zako zimekolea, mboga zetu hazina ladha."

Kisha likaja gogo, na gogo ndilo lililoniponza. Mkonge ukikaribia kufa hutoa mlingoti mrefu katikati, na mlingoti huo ukikauka huwa mwepesi, unapokea msumari bila kupasuka. Nilikata kipande cha urefu wa mkono, nikakilaza juu ya vyuma viwili ili kizunguke, nikakitia mpini. Juu yake nikapigilia vipande vya shaba, vyote vimeunganishwa kwa waya mmoja. Mbele nikapanga ndimi kumi na mbili za bati gumu, kila ulimi na taa yake. Gogo likizunguka, kipande kikigusa ulimi, taa inawaka. Kikipita, inazima. Kwa hiyo onyesho zima lilikuwa limepigiliwa misumari kwenye ule mlingoti, kuanzia mwanzo mpaka mwisho: bibi anatoka kibandani, simba ananguruma, kwaya inaingia, giza, jua.

Watu walidhani nafuata maneno ya waigizaji. Maneno yale hayakuwa ya kufuatwa. Kila baada ya mkutano mkubwa ngonjera iliongezwa beti, kauli ya jana ikaondolewa, ya leo ikaingia, na waigizaji wenyewe walisahau nusu wakajazia kwa kupiga kelele. Mimi nilifuata ngoma kubwa. Mpigaji wetu alikuwa mkata mkonge, mtu asiyebadilika hata mvua inyeshe ndani ya nyumba, na kila pigo lake nilisogeza gogo hatua moja. Mkono wa kulia kwenye mpini, mkono wa kushoto kwenye kamba ya mtungi wa kwanza, kamba ya mtungi wa pili nimeifunga kwenye dole gumba la mguu. Ndivyo nilivyokaa saa nzima, nimejikunja nyuma ya pazia, jasho linatiririka, naogopa lisidondokee kwenye waya. Tukimaliza, wenzangu wanakumbatiana na kupongezana, mimi namwaga maji ya moto na kukunja waya. Igizo likibadilishwa, nang'oa shaba zote na kuzipigilia upya, jioni tatu mfululizo, baada ya kushinda siku nzima kwenye mota za mashine. Nilichoka uchovu ambao usingizi hauutoi. Mke wangu alisema hata nikilala, mkono wangu wa kulia ulikuwa unazunguka.

Na bado sikutaka kumfundisha mtu mwingine. Hapa lazima niseme ukweli, kwa kuwa ndipo shina la mambo lilipo. Karakana tulikuwa mafundi wawili. Mwenzangu alikuwa amenizidi umri na subira, na aliniomba zaidi ya mara tatu nimwonyeshe gogo linavyosomwa. Kila mara nilimwambia wiki ijayo. Alama za hatua nilizichora mimi mwenyewe, vijistari na vidoti visivyo na maana kwa mtu mwingine, wala sikuziandika popote. Nilikuwa nalalamika kwa kila aliyenisikiliza kwamba kazi inaniua, kwamba hakuna wa kunipokea, na ndani ya moyo wangu nilikuwa nafurahi kwamba hakuna. Afisa utamaduni alipofika kwenye mikusanyiko alikuwa anasema, "Bila fundi huyu tuko gizani," na mimi nilikuwa naangalia chini kama mtu mnyenyekevu. Sikuwa mnyenyekevu. Nililishwa sifa zile nikashiba.

Igizo lililotutoa jasho kuliko yote lilikuja wakati wa operesheni ya vijiji, watu wa milimani walipotakiwa kushuka wakae pamoja bondeni, karibu na shule na zahanati. Tuliliita igizo la bibi mkaidi. Bibi anaishi peke yake juu kilimani, kibanda chake kinavuja, simba anazunguka, na yeye hataki kuhama. Majirani wanamsihi, anawafukuza kwa mwiko. Simba ananguruma, bibi anaogopa, wanakijiji wapya wanakuja wakiimba, wanambebea mzigo, wanateremka naye, na jua linachomoza juu ya nyumba zilizopangwa kwenye mstari. Bibi aliigizwa na karani wa ofisi yetu, mama mcheshi ajabu. Akiinama na kutikisa kichwa, watu walilia kwa kicheko.

Taa za igizo lile nilizipanga mimi kwa furaha, na nasikitika kusema hivyo. Kulikuwa na mahali bibi anasema, "Nitafia hapa hapa!" Hapo nilikuwa navuta kamba, taa ya kibanda inafifia pole pole mpaka inabaki wekundu wa kaa la moto, kisha giza. Nilijua watu watacheka hapo, basi kwenye gogo nikaacha mapigo sita bila shaba yoyote ili kicheko kipate nafasi. Halafu safu ya kwanza ya jua. Halafu ya pili, ya tatu. Safu ya nne ya globu niliielekeza kwa watazamaji wenyewe, wazo la afisa utamaduni. "Wananchi wajione," alisema. Nililiona wazo zuri.

Mama yangu mzazi alikuwa milimani. Nyumba yetu ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka Kilosa, na mama aliishi humo peke yake tangu baba afariki. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, na kwa desturi ya kwetu watu wakiacha boma, mtoto wa kwanza hufagia kaburi la mzazi aliyelala hapo, anamwaga maji ya unga, na kumweleza kwa mdomo wake mwenyewe wanakohamia, ili asije akaamka akatafuta watu asiwaone. Mama alikuwa mtu wa kanisani, kila Jumapili, kitambaa cheupe kichwani, na katekista wetu alijua habari za maji ya unga na akajifanya hajui. Kila mtu alijifanya hajui, na kila mtu alifanya.

Binamu yangu aliyekuwa anateremka kufuata chumvi akaniletea salamu. Mama alisema hivi: nije kabla ya lori. Yeye hakatai kuhama, waliobaki jirani zake ni wachache na magoti yamechoka kupanda mlima. Lakini hawezi kumwacha baba bila kuagwa na mtoto wake. Nije hata kwa siku moja. Hakuomba kitu kingine.

Nikaenda kwa afisa utamaduni, kwa kuwa maonyesho ya kupokea wahamiaji yalikuwa yamepangwa na yeye ndiye mwenye ratiba. Alinisikiliza vizuri. Siwezi kumsingizia.

"Nenda hata leo, ndugu yangu," akasema. "Mzazi ni mzazi. Nani atashika gogo?"

Mwenzangu wa karakana alikuwa amesimama pale pale mlangoni. "Nipe siku mbili," akaniambia. "Nionyeshe, nitalishika."

Nikasema si kazi ya siku mbili. Nilisema kwa ukali hata nikajishangaa. Nikaeleza mambo ya chumvi na mapigo na kamba ya mguuni, nikaongeza na mengine yasiyokuwepo. Afisa akatikisa kichwa kwa huzuni, akaniuliza kama watu wa kule juu hawatasubiri mpaka mavuno yaishe, maana ndivyo alivyosikia. Nikashika neno hilo kwa mikono miwili. Nikamrudisha binamu na jibu: nitakuja baada ya maonyesho, malori hayatapanda kabla ya mavuno, asiwe na wasiwasi.

Niseme na hili kabisa ili limalizike. Mwaka uliofuata nilimfundisha mwenzangu lile gogo. Alilijua kwa mchana mmoja.

Onyesho lenyewe lilifanyika shambani kwetu Kimamba, ndani ya ghala la katani, saa tisa alasiri. Walitaka mchana ili wahamiaji wapokelewe, waangalie, wale, wapelekwe viwanjani kabla jua la kweli halijazama. Tulihamishia robota za katani nje, isipokuwa zile nilizojijengea jukwaa langu pembeni, na tukafunga milango ya chuma kupata giza. Joto la mle ndani halisimuliki. Vumbi la katani lilielea hewani, nami nilikuwa na ndoo mbili za mchanga miguuni, maana cheche moja tu kwenye lile vumbi ingetumaliza wote. Kutoka nilipokaa niliona jukwaa na mgongo wa mpiga ngoma. Watazamaji walikuwa upande wa giza. Nilisikia wanaingizwa, nikasikia vikohozi, mtoto analia, na kuku, kuku wengi, wanalalamika ndani ya matenga. Nikacheka peke yangu, nikauambia moyo wangu leo tumeletewa watazamaji wanaotaga.

Ngoma ikaanza. Nikazungusha. Bibi akatoka kibandani, akapigana na majirani kwa mwiko, ghala likavuma kwa kicheko cha wafanyakazi wa shamba waliojaa nyuma. Mbele, walipokaa wageni, sikusikia kitu, nikadhani wamechoka na safari. Simba akanguruma. Bibi akasema atafia hapa hapa. Nikavuta kamba taratibu, vizuri kuliko siku zote, taa ikafifia mpaka kaa la moto, kisha giza. Nikahesabu mapigo sita. Wa nyuma walicheka mapigo yote sita.

Safu ya kwanza ikawaka. Ya pili. Ya tatu. Kwaya ikapaza sauti. Nikasogeza gogo hatua moja, safu ya nne ikawaka, na mwanga ukawapiga walioketi mbele.

Mama alikuwa mkekani, mstari wa kwanza, kitambaa cheupe kichwani, mwiko wake wenyewe umechomoza kwenye furushi aliloshika mapajani. Kandokando yake walikuwa majirani zetu, wote nawajua, mmoja mmoja. Alikuwa amekunja uso kwa ajili ya ule mwanga, ameinua kiganja kujikinga macho. Nyuma yake wale waliocheka walikuwa bado wanajifuta machozi.

Ningependa kuandika kwamba nilisimama, au kwamba gogo lilinishinda mkononi, au cheche iliruka nikasahau kuizima. Hakuna kilichoharibika. Ngoma ilipiga nami nikazungusha. Mkono ulikwenda wenyewe, mguu ukavuta kamba pale panapotakiwa, jua likapanda mpaka juu likasimama, na katika miaka yote sita sidhani kama niliwahi kuliendesha onyesho safi namna ile. Nilikuwa namwangalia mama na kazi inaendelea. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote, kuliko hata jibu nililompa binamu.

Milango ikafunguliwa. Nilizima jenereta, nikashuka, nikapita katikati ya watu wanaonipiga mabegani. Mama alikuwa ameshatolewa nje na wenzake, ameketi juu ya furushi lake kando ya lori, anakunywa maji kwenye kata ya mtu mwingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Alinijibu Kiswahili. Tangu nizaliwe, mimi na mama tukiwa peke yetu hatujawahi kuongea Kiswahili. Kile kilikuwa cha shuleni, cha kanisani, cha wageni na wenye vyeo. Nikamjibu kwa lugha yetu kwamba sijambo, nikachuchumaa mbele yake, nikamuuliza wametoka nyumbani lini.

"Leo alfajiri," akasema, bado kwa Kiswahili. "Walikuja jana jioni wakasema tufunge mizigo."

Sikuuliza habari za baba. Alinihurumia akanijibu bila kuulizwa.

"Nilimfagilia mwenyewe. Unga ulikuwepo kidogo, ulitosha. Nikamwambia mtoto wako hakuweza kuja, yuko kazini." Akarudisha kata kwa mwenyewe, akashukuru. Kisha akaniangalia mikono, ilivyokauka chumvi nyeupe mpaka kwenye viwiko. "Sikujua kama kazi yenyewe ndiyo ile."

Nilimshika magoti. Nilisema nisamehe, nikalisema kwa lugha zote mbili. Hakunisukuma wala hakunishika. Wakati huo lori jingine lilikuwa linaingia getini, watu wamejaa nyuma pamoja na mbuzi na milango ya nyumba zao waliyoing'oa, na afisa utamaduni akatoka ghalani mbio mbio, shati limemlowa jasho, mara ya kwanza kumwona hivyo, akaita kwa furaha, "Ndugu fundi! Washa jenereta, tunarudia!"

Sikuinuka. Mama aliniangalia muda mrefu, kama anayenipima.

"Nenda," akasema. "Unaitwa."

Nikaenda.